Nyuki Wangu Wanaoishi kwa Mama Masalu

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nianze na jambo linalojulikana: mimi Makoye nimezaliwa na bahati. Duara letu, shimo la dhahabu kule Geita, lilibomoka dakika ileile niliyotoka nje kuchimba dawa. Wenzangu walivutwa juu wakiwa na udongo mpaka ndani ya masikio. Mimi nimesimama kichakani, suruali mkononi, mzima kama yai! Tangu siku hiyo nikigusa kitu, kinakubali.

Sasa nagusa nyuki. Nimeona video kwenye simu. Jamaa ana mizinga nyuma ya nyumba, yeye kazi yake ni kukaa na kulamba vidole. Mwembamba, hana hata mabega. Kama yule kaweza!

Mizinga nimeunda mwenyewe. Mitatu. Mbao ni zile za matimba zilizokuwa zinashikilia kuta za duara, nilirudi nazo hapa Ibadakuli. Zimelowa dizeli ya pampu miaka na miaka, mchwa hagusi. Mke wangu Paskazia kauliza kwa nini mizinga inanuka kama mashine ya kusaga. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya uimara. Akauliza kama ni imara hivyo, duara lilibomokaje. Wanawake wana maswali.

Alhamisi, 7 Novemba

Hakuna nyuki. Hata inzi.

Video ilisema paka nta ndani ili wavutiwe. Nta sina. Nikaomba vipande vya mishumaa vilivyobaki kanisani, nikayeyusha, nikapaka. Nta ni nta. Jirani yetu Mama Masalu, mjane mwenye mdomo kama wembe, kaja kuomba kiberiti. Kachungulia mzingani. Kanusa. Akauliza hao nyuki nawaita waje kukaa au waje kusali. Paskazia kacheka mpaka kaegemea ukuta. Sikuona cha kuchekesha.

Jioni simu kutoka Samuye. Mzee Mwigulu, baba yake Donatus, kijana anayetaka kumuoa binti yetu Vumilia. Kasema Jumamosi ya wiki ijayo wanaleta ng'ombe wa mahari, tuwakague, tukiridhika mambo yaishe. Vizuri kabisa. Ningekata simu hapo. Lakini akauliza siku hizi najishughulisha na nini, nikasikia mdomo wangu unajibu: mfugaji wa nyuki. Mzee akapiga kelele ya furaha. Kumbe ujanani alikuwa mrina asali! Kasema siku hiyo hataki soda wala pilau, anataka kulamba asali ya mkwe mwenzake. Nikamhakikishia atalamba mpaka aombe maji.

Mdomo huu! Ungekuwa wa kuazima ningeurudisha.

Jumapili, 10 Novemba

Vumilia kaja kutoka Kahama, anakoshona nguo. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, halafu macho yakaenda moja kwa moja kwenye mizinga. Uso ukabadilika. Kaniambia ana ombi moja tu katika dunia hii: Jumamosi nikae kwenye kiti. Wageni wakija, kiti. Wakiongea, kiti. Wakiondoka, ndipo ninyanyuke.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanikumbusha posa ya mwaka juzi. Jamani! Ni bata bukini wangu mmoja tu aliyemdonoa mshenga, tena mshenga mwenyewe alikaa vibaya. Watu wana kinyongo. Lakini binti kaniambia akiwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili kuwa Donatus anampenda na hataki kuanza upya mara ya tatu.

Nimeahidi. Kiti.

Jumanne, 12 Novemba

WAMEKUJA! Saa sita mchana, wingu zima, linaunguruma kama bodaboda imevunjika ekzosi. Limezunguka juu ya mizinga yangu mara moja. Mara ya pili. Nimesimama mikono juu kama mchungaji.

Wakavuka ua, wakaingia kwa Mama Masalu. Kwenye chungu kilichopasuka, nyuma ya jiko lake. Chungu! Hajapaka kitu. Hana hata simu ya video.

Nikaenda kudai. Nikamweleza kwa upole kuwa hao wageni ni wangu, wamekosea mlango. Mama Masalu, bila kuacha kupepeta mchele, kasema: Baba Vumilia, simama hapo uwaite kwa majina, watakaokuitikia wachukue. Watoto wa mtaa mzima walikuwepo. Sasa nikipita wananiita, kisha wanaitika wenyewe: bzzz.

Nimepeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa. Kauliza nyuki wangu wana chapa gani, kama ng'ombe wanavyopigwa chapa. Hawana. Shauri limekwisha. Hii ndiyo haki ya siku hizi!

Ijumaa, 15 Novemba

Mama Masalu kaja mwenyewe. Kumbe roho anayo, imejificha tu. Kasema nyuki wanamsumbua kwenye ndoo za maji, nichukue chungu chote na vilivyomo. Ila nisubiri wageni waondoke, maana nyuki waliohamishwa wanakuwa na hasira siku kadhaa. Nikasema sawa mama, ahsante sana mama.

Nisubiri nini? Mzee anakuja kesho, si Krismasi.

Jua lilipozama tu nikaziba chungu kwa gunia, nikakipakata kama mtoto, nikakiweka juu ya mzinga wa tatu, kando ya zizi. Wakichoka na chungu watashuka wenyewe mzingani. Paskazia sijamwambia. Vumilia ndiyo kabisa. Watashangilia wenyewe.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika kwa jicho moja. La pili halifunguki.

Wageni wamefika asubuhi na ng'ombe wao. Wazuri, wamenona, wanang'aa. Tukawaingiza zizini. Vumilia kanionyesha kiti kwa kidevu. Nikakaa. Iandikwe mahali kwamba nilikaa! Mazungumzo yakaenda kama maji. Washenga wanacheka, Paskazia anapiga vigelegele, binti anatabasamu.

Ndipo Mzee Mwigulu akasema sasa koo linamwasha, asali iko wapi.

Ningefanyaje? Nikanyanyuka. Sikumtazama Vumilia. Nikavaa joho la kwaya, chandarua kichwani, kopo la maziwa mkononi lenye kinyesi kikavu cha ng'ombe kinachofuka moshi. Mzee kanifuata na fimbo yake. Kanusa mzinga wa kwanza, kasema huu ni karakana. Kanusa wa pili, akavua kofia, kasema huu ni kanisa. Alipoona chungu hakutania tena. Akauliza taratibu nani kahamisha nyuki jana na kuwaweka karibu na ng'ombe. Nikaona njia nzuri ya kujibu ni kuonyesha asali.

Nikavuta gunia.

Mungu wangu! Kopo la moshi nililitupa, sijui liko wapi. Mzee mzima kanipita mbio, fimbo kwapani, kama kijana wa mchakamchaka. Washenga wamejifungia jikoni na Paskazia. Ng'ombe wamebeba ukuta wa miiba wa zizi na kushika barabara ya Samuye. Mahari inarudi kwao yenyewe!

Nami nilikuwa nimeshafika mlangoni. Kweli, mkono uko kwenye kitasa. Nikasikia mtamba mmoja analia. Walikuwa wamemfunga kwenye nguzo kwa sababu ni mkorofi, na sasa anajinyonga kwa kamba. Sijui nini kilinigeuza. Nikarudi. Fundo limekaza, vidole vimevimba, haliachii. Nikavua chandarua nikamfunika yeye macho na pua, nikakata kamba kwa panga la kuni. Akaondoka nacho, kama bibi harusi.

Nikaingia ndani. Vumilia alikuwa dirishani, analia. Hata neno kiti hakulisema. Afadhali angelisema.

Jumapili, 17 Novemba

Uso wangu ni boga. Kanisani sikwenda. Joho lenyewe limetoboka.

Nyuki wameondoka. Wamerudi kwa Mama Masalu, sasa wamo ndani ya spika mbovu ya marehemu mumewe. Kapita kuniambia wananisalimia.

Mchana Mzee Mwigulu kaja. Nikajua anakuja kuvunja uchumba. Vumilia akajua vilevile, akakaa chini kwenye mkeka. Mzee kasema ng'ombe wamepatikana wote, na yule mtamba kafika nyumbani amevaa chandarua. Kasema aliniona kutoka shimo la takataka alikokuwa amejificha. Mtu anayevua chandarua chake ili amvike ng'ombe ambaye hajawa wake, nyumba yake haiwezi kuwa na binti mbaya. Ndoa ipo, Januari. Masharti mawili: sherehe iwe Samuye, na mimi nikae kwenye kiti, kiti chenyewe atakichagua yeye.

Vumilia akanirukia kunikumbatia. Nikapiga yowe mpaka Ibadakuli nzima ikasikia, alinishika palepale palipoumwa. Lakini nimwachie? Sikumwachia.

Sasa, Januari. Mizinga ipo tu, imara. Ukitandika nailoni ndani, inashika maji. Kambale! Kambale hawana mbawa, hawana miiba ya kutisha ng'ombe. Mzee alipokuwa anaondoka nimeshamnong'oneza kuwa samaki wa harusi ni juu yangu. Akaongeza mwendo.

Jioni Paskazia alikuwa ananikanda uso kwa maji ya chumvi, kauliza nani atanisaidia safari hii. Nikamwambia bahati yangu, ile ya duara. Akaacha kunikanda. Akasema, Makoye, mimi ndiye niliyekuwa napika chakula pale kambini kwenu Geita.

Basi. Duara halikubomoka. Nilikutwa nimelala chini kule wakati wenzangu wanafanya kazi, nikafukuzwa. Bahati sina, na sijawahi kuwa nayo.