Kasoro Kumi na Nne za Baiskeli ya Mzee Anastazi

Jumatatu, 8 Julai 1996. Kanazi.

Barua kutoka nyumbani Sengerema. Mke wangu ameandikiwa na katekista, kwa hiyo nusu ya barua ni salamu za parokia. Nusu ya pili ndiyo habari. Mtoto anabatizwa Jumapili ya tarehe 21. Ana miezi minne, sijamwona hata siku moja. Baba asipofika, jina atatoa mjomba, yaani shemeji yangu Jovitus. Na Jovitus ameshatangaza kilabuni kwamba mtoto ataitwa Jovitus.

Haiwezekani. Mtoto ataitwa Anatoli, jina la marehemu baba.

Nimepata lori. Privatus, dereva anayeleta mahindi ya wakimbizi, anarudi Mwanza mtupu Jumamosi saa sita mchana. Nitapanda bure. Kanionya kwamba saa sita yake haina robo wala dakika.

Limebaki jambo moja. Baiskeli niliyokodi kwa mzee Anastazi miezi sita iliyopita, ya kubebea ndizi kupeleka kambini Benaco, lazima nirudishe. Kodi nimelipa yote. Lakini mzee anashikilia koti langu la harusi kama dhamana. Bila baiskeli hakuna koti. Bila koti siwezi kusimama kanisani karibu na Jovitus, ambaye ana suti.

Jioni nimeitazama baiskeli kwa makini. Afadhali nisingeitazama.

Jumanne, 9 Julai

Mkataba wetu uliandikwa na Novatus. Huyu tunalala naye chumba kimoja, tulichimba wote mitaro ya barabara. Yeye kamaliza la saba, mimi niliishia la tano, na hajawahi kuniacha nisahau. Sasa anataka kuikodi baiskeli hiyo hiyo baada yangu, kwa hiyo amekuwa rafiki mkubwa wa mzee. Wiki nzima anamtekea maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Mkataba unasema hivi: kuchakaa ni kwa mwenye baiskeli, kuharibika ni kwa aliyekodi. Mwezi wa kwanza niliuliza tofauti yake. Mzee alinijibu kwamba kilicholiwa na makalio ni kuchakaa, kilicholiwa na ujinga ni kuharibika. Tukacheka wote. Leo sicheki.

Kilichoharibika kinalipwa kwa siku za kuchuma kahawa shambani kwa mzee. Novatus alichora jedwali. Nimehesabu yangu. Kengele imepotea, siku moja. Spoki tatu zimekatika, nusu siku kila moja. Keria imepinda kwa ndizi, siku mbili. Kioo cha taa, pedali ya kushoto, breki ya nyuma na pampu, siku moja moja. Jumla siku nane na nusu.

Lori linaondoka baada ya siku nne.

Kwa hiyo mzee asione kitu. Nina mpango. Sijawahi kuwa na mpango mzuri hivi.

Jumatano, 10 Julai

Nimekwenda sokoni kambini kwa Bigirimana, fundi baiskeli. Ni Mrundi, mpole, anaimba huku akifanya kazi na hupendi amalize. Nimempa viatu vyangu vya kazi, naye kanipa kila kitu: kengele kuukuu, spoki, pedali, breki, taa ya baiskeli iliyokufa, hata pampu. Keria kainyoosha kwa goti lake mwenyewe.

Nikamwambia asiishie hapo. Mzee akiona baiskeli inang'aa hatakagua, atafurahi tu. Bigirimana alikuwa na rangi ya bluu iliyobaki alipopaka mlango wa kibanda chake. Tukapaka fremu yote, madigadi yote mawili. Siti iliyoshonwa kwa uzi mwekundu nikaivalisha ngozi mpya. Stendi iliyokuwa inalalia kulia ikanyooka. Waya uliokuwa umefunga kava ya cheni tukautoa, tukaweka bolti.

Kwenye madigadi ya nyuma kulikuwa na bonde, bati limebonyea, la zamani, si langu. Bigirimana akaligonga likatoka. Alisema hilo ni zawadi, mwenzangu, kwa ajili ya mtoto.

Nimetembea kwa kandambili, nasukuma baiskeli ya bluu. Watu wote wananitazama. Nikadhani wananionea wivu.

Alhamisi, 11 Julai

Nimekamatwa.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wameweka kizuizi njia ya Kanazi. Kamanda wao ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, lakini ana filimbi. Nilimpa shikamoo kwa woga, naye akaitikia marahaba bila aibu yoyote. Akanusa fremu. Kidole chake kikatoka na bluu. Akawaambia wenzake hii haijamaliza hata siku mbili kupakwa, na mwaka huu baiskeli zote zilizoibwa zimepatikana zikiwa bluu. Kila mwizi anapaka bluu. Hilo mimi nilikuwa silijui. Mimi ni mgeni huku.

Nikasema baiskeli ni ya mzee Anastazi. Wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Baiskeli ya Anastazi wanaijua miaka kumi na mbili, ni nyeusi, na ina bonde nyuma ilipokanyagwa na ng'ombe.

Wakasema basi wamwite mzee aje. Nikawaomba wasimwite. Hapo wakaamini kabisa kwamba mimi ni mwizi.

Nilikaa chini ya jua mpaka saa kumi. Akapita bibi Speciose, mke wa mzee, katoka kusaga mtama. Nikashukuru Mungu. Akanitazama, akaitazama baiskeli, akaweka mzigo chini.

"Mtu huyu namjua, ni wetu, mwacheni," akasema. "Baiskeli hiyo siijui."

Nimeachiwa mimi. Baiskeli imebaki.

Novatus kapata habari kabla sijafika chumbani. Ameniuliza kama koti langu nilitaka libaki Kanazi kama ukumbusho.

Ijumaa, 12 Julai

Mzee Anastazi kaja kituo cha sungusungu asubuhi, kavaa kofia yake ya kanisani. Hakunigombeza. Hilo liliniumiza zaidi.

Kumbe shida si yangu tena, ni yake. Kamanda anasema yeyote anayedai baiskeli lazima ataje alama zake, na mwenyewe akishindwa inapelekwa wilayani. Mzee ana karatasi ya mwezi wa kwanza, Novatus aliorodhesha kasoro tano za zamani. Akaisoma polepole. Bonde kwenye madigadi ya nyuma. Halipo. Siti imepasuka kushoto na kushonwa uzi mwekundu. Haionekani. Stendi inalalia kulia. Imesimama kama askari. Waya kwenye kava ya cheni. Hakuna. Msalaba aliouchora kwa msumari chini ya usukani, mwaka alionunua. Bluu tupu.

Mzee akakunja karatasi. Baiskeli hiyo ndiyo iliyompeleka bibi Speciose hospitali alipopata uchungu wa mtoto wa mwisho, na bonde lile siku hiyo lilimkwaruza mguu njia nzima. Miaka yote mzee amekataa kulinyoosha, anasema bonde likitoka na yeye atasahau. Haya kanieleza bibi, pembeni, taratibu, wala si kwa hasira.

Nikasimama. Nikasema nitaje mimi. Nikataja zote tano, na nani alizificha, na kwa kitu gani. Kamanda akasema hizo zimeandikwa kwenye karatasi, mtu anaweza kuzikariri. Akataka zisizo kwenye karatasi. Basi nikataja na zangu. Kengele, spoki ya kwanza, ya pili, ya tatu, keria, taa, pedali, breki, pampu. Kila niliyotaja walikagua, wakaona kifaa kuukuu kisicholingana na kingine, au chuma kilichonyooshwa. Mwisho wakakwangua chini ya usukani kwa kisu. Msalaba ukatokea.

Kasoro kumi na nne. Kamanda akaandika zote kwenye daftari lake. Kisha akampa mzee baiskeli, akasema katika kazi yake hajapata kumwona mtu aliyejieleza hivi bila kupigwa.

Novatus alikuwepo. Alikuwa anajumlisha.

Jumamosi, 13 Julai

Siku ya lori. Nimefika kwa mzee saa mbili. Nikamwambia mzee, nipe koti langu niende, vifaa kuukuu havifuti deni, siku nane na nusu nitarudi kuzichuma mwezi wa tisa. Nikaapa kwa jina la baba.

Mzee akasema tusiende haraka. Kwanza bonde lirudi mahali pake, maana bila bonde sungusungu watamsumbua kila kizuizi. Nikaona haki. Nikachukua jiwe. Bibi Speciose akasema bonde lilikuwa chini zaidi. Mzee akasema juu. Bibi akamuuliza ni nani aliyekaa nyuma siku ile, yeye au mzee. Wakabishana saa nzima, wakipimiana kwa vidole kama watu wanaonunua kitambaa. Mwisho bibi akakaa kwenye keria, akanionyesha pale ulipokuwa mguu wake, nikagonga. Ngozi mpya tukaivua. Stendi tukaipinda. Waya tukarudisha. Novatus alisimama na karatasi akiweka alama kila kasoro iliporudi, na alikuwa mkali: stendi ilipolalia zaidi ya zamani akanirudisha.

Saa tano na nusu. Nikaomba koti.

Mzee akasema tunywe kwanza pombe ya ndizi. Nikasema koti. Akauliza mtoto anaendeleaje. Nikasema mzee wangu, koti.

Bibi Speciose akaingia ndani akatoka nalo.

Koti langu. Mzee kalivaa misa zote za miezi sita. Yeye ni mpana kuliko mimi mara moja na nusu, kwa hiyo mgongo umepasuliwa kutoka juu mpaka chini na kuongezwa kitambaa cha kaki, kaptula ya shule ya mjukuu. Mfuko bado upo, na kifungo cha kaptula. Begani kuna nta ya mshumaa wa Pasaka.

Mzee alikuwa anatazama migomba.

Bibi akamuuliza Novatus, huku akitabasamu, kama na koti nalo liliandikiwa mkataba. Novatus akasema hapana. Bibi akasema basi andika sasa. Mgongo, siku nne. Nta, siku moja. Kunyamaza miezi sita, siku moja. Jumla sita. Mzee akauliza kwani hilo la mgongo si kuchakaa tu. Bibi akamjibu kwa maneno yake mwenyewe, yale ya makalio na ujinga. Mzee akacheka mpaka machozi, nami nikacheka, tukashikana mikono. Nimebakiwa na deni la siku mbili na nusu.

Tulikuwa bado tunacheka tuliposikia honi ya Privatus. Nilikimbia. Kandambili moja ilikatika. Nililiona lori likipanda kilima, dogo kama kisanduku cha kiberiti.

Jumapili, 14 Julai

Mzee kaenda misa na sweta. Nilikaa mlangoni kwake nikimfikiria mtoto akiitwa Jovitus mpaka uzeeni.

Aliporudi alinikuta pale pale. Kisha akaenda kuileta baiskeli, akaniwekea mbele.

Novatus akaruka. Akasema mzee, tulikubaliana, ni zamu yangu, nimeteka maji wiki nzima. Mzee akamshukuru kwa maji. Akasema Novatus angeirudisha nzima na yeye mzee asingejua imepita wapi. Halafu akanigeukia, akasema mtu anayeficha vibaya kama mimi hawezi kuwa mwizi, kwa hiyo nitarudi. Nimeiandika sentensi hiyo ili nimsomee mke wangu. Ni sifa kubwa.

Dhamana hakutaka. Karatasi tu. Novatus kaandika kwa uchungu, kalamu ikatoboa karatasi: kasoro tano za zamani, na ya sita, rangi ya bluu, kazi ya Shilinde, ndiye mimi. Kamanda kanipa cheti cha kupita.

Bibi kanifungia kahawa ya kutafuna na kandambili za mjukuu.

Jumatano, 17 Julai. Nyantakara.

Msituni nilipita juu ya lori la mkaa, baiskeli chini ya magunia. Kutoka hapa ni kupiga pedali siku mbili tu. Jumapili bado mbali. Koti nimelijaribu: nitasimama mgongo ukiwa ukutani, hakuna atakayeona kaki.

Tatizo ni dogo. Kengele haipo. Keria imepinda tena. Na kwenye madigadi ya nyuma, pembeni ya bonde la bibi, kuna bonde jipya la gunia. Mzee ataliona.

Lakini nimepata bahati. Hapa kuna fundi hodari. Anasema atalinyoosha la gunia na kuliacha la bibi, ila akimaliza lazima apake rangi, na rangi inataka siku mbili ikauke. Leo na kesho. Ijumaa asubuhi niko njiani, Jumapili niko kanisani. Muda unatosha kabisa. Koti nimemwachia kama dhamana ya malipo.

Nimemuuliza rangi. Ana kijani. Nimeyafikiria mambo yote ya wiki iliyopita, moja baada ya jingine, na nimeliona kosa lilipokuwa.

Lilikuwa bluu.