Malalamiko Kuhusu Alhamisi ya Mke Wangu

Kijijini kwetu, Moldova
Ijumaa

Kwa Bibi Ersilia, Padova, Italia

Bibi mheshimiwa,

Shikamoo, na pole na miguu. Mimi ni Serafim, mume wa Agripina, huyo anayekuogesha, anayekupikia, na anayekusomea barua hii kwa kuwa macho yako yamechoka na lugha yetu huijui. Ninamwomba asome kama nilivyoandika, asitie chumvi.

Nina mashtaka.

1. Umeniharibia mke. Miaka ishirini na miwili alimwuguza mama yangu, akapika, akakamua mbuzi, na siku ya kupumzika hakuwahi kuiuliza. Kwako hajamaliza miaka miwili, ana Alhamisi mchana na Jumapili nzima, tena zimeandikwa kwenye mkataba! Kazi si ileile, Bibi? Usinielewe vibaya, lakini kikongwe ni kikongwe.

2. Pasaka alikuja likizo. Alhamisi Kuu, siku ya kupaka mayai rangi nyekundu, saa nane kamili akavua aproni, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya geti, anamenya mbegu za alizeti. Nikamwambia kwamba mama amelowa kitandani. Akanijibu, "Serafim, leo Alhamisi." Basi mayai nikapaka mimi, na kucha zangu zilikaa nyekundu wiki nzima. Alhamisi iliyofuata benchi lilikuwa na wanawake watano, na wanaume wa mtaa mzima tulikula kabichi baridi.

3. Mama yangu, aliyekuwa akimsema Agripina tangu jogoo la kwanza, amehamia upande wake. Ananiambia, "Mwenzio alikuwa anapima maji kwa kiwiko. Wewe unanichemsha kama kuku wa kunyonyoa!"

4. Hili ndilo linaloniuma. Mkataba wako unaisha Oktoba, naye anasema harudi mpaka nami nimwandikie Alhamisi na Jumapili, na sahihi yangu chini. Mimi, mumewe wa ndoa! Bila yeye nyumba hii imepoa, Bibi.

Kwa hiyo naomba umnyime Alhamisi. Mgombeze kidogo. Supu yake usiisifie. Mimi kupanda hadi ulipo wewe siwezi. Wewe shuka, ili aone kwake kuna nafuu.

Wasalimie wanao, daktari wako, na yule paka ambaye Agripina anamsifu kuliko anavyonisifu mimi.

Ni mimi niliyeonewa,
Serafim Botnari

N.B. Agripina, hapa usimsomee Bibi. Jana mama alinitazama, akasema, "Mwanangu, hebu nenda ukakae nje kidogo." Nikaenda kwenye benchi lako. Hata robo saa haikupita, nikalia kama mtoto. Kumbe nilikuwa nimechoka, na sikujua kuchoka kwenyewe kukoje. Karatasi yako nimeiandika, iko ukutani juu ya jiko, ina sahihi yangu na dole gumba la mama. Alhamisi ni yako, na Jumapili. Mimi ninaomba Jumanne, ukikubali.