Rimoti ya Joto na Kiti cha Mzee wa Kanisa

Jumatatu, tarehe 8 Januari

Bwana asifiwe, rimoti imefika! Boila letu sasa linaamrishwa bila waya. Fundi amefunga kisanduku kidogo barazani kando ya boila, kisha akanikabidhi rimoti yenyewe, nyeupe, ndogo kama kipande cha sabuni. Akasema niiweke sebuleni, mbali na jua na mbali na jiko, maana hupima joto la pale ilipo na kuliambia boila liwake au lipumzike. Nikamwambia nimeelewa. Mimi si mtoto.

Mke wangu, Mama Eunsol, akauliza ile swichi ya ukutani ilikuwa na kosa gani. Kosa lake ni kwamba mama yake aliifikia. Sikusema hivyo. Nilisema ni maendeleo.

Mama mkwe yuko kwetu tangu tulipotengeneza kimchi ya majira ya baridi, yaani kabichi na figili za kuchachushwa kwa pilipili, na ataondoka theluji ikiyeyuka, Mungu akipenda. Hulala sakafuni, pale hasa ambapo mabomba ya boila yapitayo chini ya sakafu ni ya moto zaidi, na bado hulalamika baridi. Bili ya gesi ya Desemba niliiwekea mikono nikaiombea. Haikupungua.

Tatizo: Jumapili kanisa linapiga kura ya kumchagua mzee wa kanisa. Kiti kimoja. Wagombea ni mashemasi wawili: mimi na Shemasi Tak, muuza mablanketi, mtu wa tabasamu refu na sala fupi. Na kina mama wazee wote humpigia kura anayetajwa na mama mkwe. Kwa hiyo nahitaji mama mkwe mwenye furaha na boila lililozimwa, vyote pamoja. Musa alipewa bahari tu.

Jumanne, tarehe 9

Nimeanza kufunga. Hadi siku ya kura. Nilimwomba Mchungaji Yeom asitangaze. Nikamwomba tena mbele ya kwaya, kwa sauti, ili asisahau. Sasa kanisa zima linajua. Nifanyeje?

Rimoti ina kitufe cha "Nimetoka". Kina picha ya nyumba na mtu anaondoka. Ukikibonyeza, boila husinzia, likitoa joto la kuzuia mabomba yasigande tu. Nikabonyeza. Basi kwa mujibu wa boila nyumbani kwetu hapakuwa na mtu. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa sakafuni akimenya vitunguu saumu, hakuwepo.

Alihisi kabla vitunguu havijaisha. Akavaa miwani, akaisoma rimoti, akauliza ni nani aliyetoka, mbona yeye anaona watu wote wapo. Nikasema labda imejibonyeza yenyewe.

"Basi ina mikono kukushinda, mkwe," akasema. Akapandisha joto hadi namba zikaisha.

Jumatano, tarehe 10

Ufunuo! Nimeupata kwenye maombi ya alfajiri, katikati ya zaburi. Ikiwa rimoti hupima joto la pale ilipo, si iwekwe penye joto? Nikaichomeka nyuma ya jiko la wali la umeme, ambalo kwetu halizimwi. Ikasoma ishirini na saba! Boila likaamini tunaungua, likanyamaza.

Nikampelekea mama mkwe namba aione kwa macho yake. Ishirini na saba, Mama! Akanitazama kama anayetazama samaki wa juzi. Akasema namba ni za rimoti, miguu ni yake. Akavaa soksi za pili. Akavaa koti. Akavaa viatu. Nilidhani anafanya mzaha.

Alikwenda kupata joto kwa Shemasi Tak.

Alhamisi, tarehe 11

Amerudi na blanketi jipya la zawadi pamoja na ripoti. Kwa Tak sakafu inachemka. Walimkalisha mahali pa heshima, penye joto kuliko pote. Mke wa Tak akamchomea viazi vitamu. Tak mwenyewe akamwimbia wimbo wa injili. Akamwimbia! Hivi ndivyo watu wanavyonunua uongozi wa kiroho siku hizi. Kwa viazi.

Kumbe Tak naye ana rimoti kama yetu. Eti alimweleza inavyofanya kazi, mwanzo hadi mwisho, bila haraka, kama mtoto mwema. Sehemu hiyo sikuisikiliza sana.

Mama Eunsol akanikumbusha kwamba kesho Mchungaji anakuja kutuombea, pamoja na kina mama wote, kama anavyofanya kwa kila mgombea. "Baba Eunsol, ukiwakalisha hao kwenye barafu, kura zako zitaganda nao."

Nikasalimu amri. Nikaitoa rimoti kule jikoni, nikaiweka kwenye rafu ya sebuleni, namba ishirini na tano, mbele ya mashahidi. Mama mkwe alinitazama kwa utulivu, akatabasamu. Tumepatana. Nilimshukuru Mungu kwa kulainisha moyo wake.

Ijumaa, tarehe 12

Sijui nianzie wapi.

Mchungaji Yeom alikalishwa kwenye mto mnene, mahali pa heshima. Akaanza kumwombea mwanetu Eunsol aliye jeshini, akawa anapumua kama mpanda mlima. Kina mama walijipepea kwa vitabu vya nyimbo. Keki za mchele zililegea zikashikana kuwa keki moja. Tak, aliyekuja kwa adabu tu, alivua sweta, na mwanamke mmoja akanong'ona kwamba moto wa Roho umeshuka. Roho gani! Sakafu ilikuwa inatuchoma matako.

Nikatazama rafu. Rimoti hakuna!

Macho ya wote yalikuwa yamefumbwa. Nikatambaa hadi kwa mama mkwe, mchaji kuliko wote chumbani, nikamuuliza sikioni iko wapi. Hakufumbua jicho.

"Wewe uliipasha moto, mimi nimeipoza. Kafikiri pa kutazama."

Friji la kimchi! Liko barazani, limepakana na boila. Kwa hiyo tangu asubuhi rimoti ilikuwa imekaa kwenye kimchi, ikililia boila kwamba nyumba inaganda, nalo boila, mtumishi mwaminifu, likawaka kwa nguvu zake zote. Nikanyata hadi barazani, nikafunua kifuniko, nikaingiza kichwa na mikono. Iko chini kabisa, bila shaka. Nikahamisha kisanduku, kisanduku kikafunguka. Ndugu zangu, harufu ile! Nina siku kadhaa sijala. Kipande cha figili kiliingia mdomoni. Jinsi kilivyoingia sijui hadi sasa.

Figili ya kimchi haitafuniki kimyakimya.

Nilipoinua kichwa, wote walikuwa wamesimama mlangoni. Sakafu imewashinda, wamekuja barazani kutafuta hewa, sala ikakatwa katikati. Mchungaji akauliza kwa upole mfungo unaendeleaje. Nikainua rimoti juu, nikasema nilikuwa natafuta hii.

"Na hiyo pilipili kidevuni, Shemasi," Tak akasema, "uliitafuta nayo?"

Jumapili, tarehe 14

Mzee wa Kanisa Tak. Nimeandika mara moja, sitarudia.

Mimi nilipata kura chache. Mama Eunsol anasema moja ilikuwa yake. Sikumuuliza mara ya pili. Mama mkwe anasema alipiga kura kwa dhamiri na kwa miguu.

Lakini Bwana hawaachi walio wake! Baada ya ibada Mchungaji aliniita pembeni. Akasema kwa kuwa ameona jinsi ninavyojihangaisha na mambo ya joto, angependa nisimamie boila la ukumbi wa kanisa. Nimekwisha agiza rimoti isiyo na waya. Itafungwa kabla ya Jumapili ijayo, na baridi kali kuliko zote inatabiriwa siku hiyo hiyo. Naam, waone!

Nimejichunguza kwa unyenyekevu nikalijua kosa langu. Niliiacha rimoti ovyo, pale mikono ya watu inapofika. Hii ya kanisa haitawekwa kwenye rafu yoyote. Nitakaa nayo mwenyewe ibada nzima, ndani kabisa ya mfuko wa koti langu, pamoja na vile vipakiti vya moto vya kupashia mikono ambavyo bila hivyo siwezi kusali. Hapo hakuna mama mkwe atakayeigusa.

Kanisa zima litasikia joto ninalolisikia mimi.