Mlango Uliobadilishwa Jina Kabla ya Mazishi

Selorm Agbenyega,
Ofisi ya Matangazo ya Mazishi,
Adum, Kumasi.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Nakala Mama za Seva,
Accra.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kamati yako. Mimi ndiye ninayetunza seva zinazorusha mazishi mtandaoni, ili ndugu walio ng'ambo nao walie na wenzao. Seva hizo tunazikodi kwenu, na kila moja huzaliwa kutokana na nakala mama mnayoitengeneza ninyi. Nalalamika kwa heshima zote.

1. Tangu tuanze kazi, mlango wa seva wa kutokea mtandaoni uliitwa eth0. Jina fupi, hata mlinzi wetu analijua. Mwezi uliopita mkaamua, bila kuniuliza, kwamba katika seva mpya mlango huo uitwe enp0s3, kwa kufuata mahali kadi yake ilipochomekwa: njia sifuri, tundu la tatu. Mheshimiwa, hapa Kumasi mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa. Sijasikia aliyeitwa Wodi Sifuri Kitanda cha Tatu.

2. Jumamosi alizikwa mama mzazi wa Maame Birago, muuza vitambaa wa hapa Adum. Niliwasha seva mpya. Maagizo yangu yote yalisema itokee eth0. Ikautafuta mlango huo, haikuuona, ikanyamaza. Kaka yake Maame Birago, Opanin Boadu, yuko Hamburg. Alikaa na jamaa zake, wote wamevaa nyeusi na nyekundu, wakitazama kioo cheusi tangu sala ya kwanza hadi udongo wa mwisho. Walidhani giza lile ni heshima kwa marehemu. Wakalia vizuri sana.

3. Jioni kaka huyo akampigia simu dada yake kumpongeza. "Giza lilitugusa mno, ila kwaya mbona hatukuisikia?" Maame Birago akaja ofisini na kitambaa cha msiba kichwani.

"Mwanangu, kaka yangu amelilia televisheni tupu."

Nikamweleza kwamba mlango umebadilishwa jina.

"Na huyo aliyeubadilisha, ana mama?"

Nikamwahidi kwamba nitakuuliza. Sasa anataka ibada irudiwe Jumapili, na kwaya nayo inataka kupikiwa upya fufu na supu ya karanga.

4. Kwa hiyo naomba eth0 irudishwe katika kila nakala mama. Mkikataa, basi wajumbe nao waitwe kwa viti wanavyokalia, majina hayo yaandikwe kwenye pasipoti zao na, siku ikifika, kwenye majeneza yao. Wewe, kwa ninavyoukumbuka ukumbi wenu, utakuwa Safu Sifuri Kiti cha Tatu. Mkeo ataarifiwa.

Nisalimie wajumbe wote, katibu wako, na yule mama wa kantini.

Wako mtiifu,
Selorm Agbenyega

Nyongeza: Nisije nikaonekana wa kulalamika tu, nimelirudisha mwenyewe jina la zamani kwenye seva ya Jumapili, nikaiongezea mlango wa pili wa kupokea picha za kamera. Kumbe jina la zamani huchukuliwa na mlango unaowahi kuamka. Katika majaribio ya leo mlango wa kamera ukawahi, ukajiita eth0, na Hamburg wakapata giza lilelile. Maame Birago alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mwanangu, na hili nalo ni la kamati?"

Nimeirudisha enp0s3, ambayo hufuata mahali na si anayewahi, nikaiandika katika maagizo yangu, na sasa Opanin Boadu anaona hadi maua ya kanisani. Tafadhali msibadilishe kitu. Barua naituma hivyohivyo, kwa kuwa mkuu wangu ameshaipiga muhuri.