Kurasa Nne za Neno Moja

Jumatatu, 9 Juni

Baba mkwe aliingia jana na mfuko mmoja wa nguo na kamusi moja ya Kiingereza kwa Kiswahili. Kamusi ameifunga kwenye foronya, anaipakata kama mtoto mchanga. Mwalimu mkuu mstaafu. Anasema amekuja kutusalimia tu. Salamu gani za wiki nzima? Amekuja kunikagua.

Mke wangu amenieleza bila kuzunguka, huku akikunja nguo. Mzee anaondoka Jumapili. Ikiwa hadi siku hiyo bado nasukuma toroli la magodoro, na yeye ataondoka na baba yake, akapumzike. Nakujua huko kupumzika. Dada yake alikwenda kupumzika miaka mitatu iliyopita, na sasa ana mume mwingine na duka la vitambaa.

Nampenda mke wangu. Naandika hapa kwa sababu kumwambia usoni nashindwa. Bila yeye nyumba hii ni kuta na sufuria.

Na leo hii hii, tangazo ghalani! Anatafutwa msimamizi wa ghala. Usaili Ijumaa, kwa Kiingereza, maana kampuni imepata mbia kutoka nje na yeye mwenyewe atakuwepo. Kiingereza changu chote: yes, no, sorry na mattress. Hilo la mwisho nalijua kwa kuwa limeandikwa kwenye nailoni ya kila godoro. Mwenzangu wa ghalani, yule tunayemwita Tai kwa kuwa hufunga tai hata siku ya kupakua lori, alisoma tangazo kwa sauti, akanigeukia, akanipa pole. Msiba wa nani? Mshenzi.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata njia! Kichwa hiki si cha kuvalia kofia tu.

Nimewaza hivi. Maneno ya Kiingereza ni maelfu, siku zangu ni tatu. Hesabu haikubali. Lakini kila mahali pa kazi kuna kibarua mmoja anayefanya kazi za wote. Lugha nayo lazima inaye. Nimpate huyo, wengine wa nini?

Mzee alipoingia kuoga nikafungua kamusi mbio mbio. Maneno mengi yana mstari mmoja au miwili, mavivu kabisa. Kisha nikamkuta. Get. Kurasa nne! Neno dogo, herufi tatu, na limejaza karatasi mbili mbele na nyuma. Linaamka kitandani, linapanda basi, linashuka, linalewa, linaoa, linaugua, linapona, linachoka, linaelewa, linapata kazi, linafukuzwa. Kwa asubuhi moja limefanya mengi kuliko mimi tangu nizaliwe. Sisi kila shughuli tunaipa neno lake, kistaarabu. Wenzetu wamemtwika mmoja mzigo wote na hajagoma hata siku moja.

Tatizo, kamusi ni nzito kama tofali. Siwezi kwenda nayo ghalani. Wembe ulikuwa dirishani.

Nimekata vizuri sana, haionekani. Mzee husoma ukurasa mmoja kila asubuhi baada ya chai na sasa yuko herufi M. Mpaka azunguke arudi kwenye G, mimi nitakuwa msimamizi na nitamnunulia nyingine.

Kuna mtu alichafua pembeni mwa kurasa zile kwa penseli. Mwandiko wa mtoto, umejaa mpaka mimi sina pa kuandika tafsiri zangu. Nikachukua raba. Karatasi ya kwanza imetakata. Kwenye ya pili raba iliniishia, ukabaki mstari mmoja.

Jumatano, 11 Juni

Nimejificha nyuma ya magodoro ya inchi nane, nasoma. Kichwa kinaniuma. Kumbe neno hili lina mikia! Ulitie up, umeamka. Ulitie over, umepona ugonjwa, au umemsahau mpenzi. Ulitie by, maisha yanasukumika hivyo hivyo. Ulitie away, umetoroka. Away ukiiongezea with, umefanya kosa na hukushikwa. Huo wa mwisho nimeupenda, nimeupigia mstari mara mbili.

Tai alinikuta nanong'ona get, get, get. Akauliza kama nina kwikwi. Nimeambiwa na yeye amenunua kijitabu cha majibu ya usaili na anakikariri chooni.

Nyumbani nimejaribu kwa mke wangu. Nikamwambia I get food. Akaniuliza nimekula wapi.

Jioni mzee akavuta kiti karibu yangu. Kasikia habari za Ijumaa. Akasema yeye hana kazi, tunaweza kukaa pamoja saa moja kila jioni, polepole, na hakuna wa kumcheka mwenzake. Nikamjibu kwamba nina mbinu yangu ya kisasa. Akasema sawa, akarudisha kiti kilipokuwa. Mke wangu kaninunia mpaka sasa. Kwani nimekosea nini? Akinifundisha yeye, sifa zitakuwa zake.

Alhamisi, 12 Juni

Balaa. Balaa juu ya balaa.

Leo mzee hakusoma herufi M. Alikaa sebuleni, akavaa miwani, akafungua kamusi kwenye G. Leo ni tarehe aliyofariki mama mkwe. Mimi nilikuwa nimesahau. Nani alinikumbusha? Hakuna!

Mke wangu akanisimulia jikoni, akilia. Mama yake hakumaliza shule. Alipoolewa, mzee alimfundisha Kiingereza jioni kwa jioni kwa kamusi ile ile. Walipofika kwenye get, mama akagoma kwenda mbele. Akasema hili neno linamdharau na hatoki hapo mpaka alishinde. Akakaa nalo miaka, anatunga sentensi zake na kuziandika pembeni, kwa penseli. Tangu afe, kila mwaka tarehe hii, mzee hufungua kurasa zile na kuzisoma. Hana maandishi mengine ya mkewe.

Mwandiko wa mtoto, nilisema. Ole wangu mimi.

Mzee amepekua mfuko wake, foronya, chini ya godoro. Anasema huenda ni yeye, siku hizi anasahau vitu, labda alizitoa akaziweka mahali. Anajilaumu! Na mimi nimesimama mlangoni, kurasa zote nne ziko ndani ya soksi yangu ya kushoto, zinaniwasha.

Ningezitoa pale pale, kosa langu lingepungua nusu. Lakini ile ya kwanza nimeifuta. Nirudishe nini? Mdomo ukajisemea wenyewe: huenda ni panya. Mzee akanitazama, akasema panya wa kukata kwa kunyooka namna ile hajapata kumwona.

Mke wangu akaenda kununua mtego. Umeshanasa mtu. Kidole changu gumba cha mguu wa kulia kimevimba.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwisha.

Nimeingia kwenye usaili nikichechemea. Meneja kulia, mgeni kushoto, mimi katikati na jasho langu. Mgeni akauliza jambo refu lenye mvua na lori ndani yake. Nikajibu I get mattress. Akasubiri. Nikaongeza mattress get dry. Akatikisa kichwa kwa upole, akaniambia niendelee. Niendelee wapi? Nikasema I get up. Nikasimama. Meneja akaniambia nikae.

Nikainama nichungulie soksi, kurasa zikamwagika chini. Mgeni akaziokota yeye mwenyewe. Akazigeuza. Akakuta ule mstari mmoja wa penseli uliosalia, akausoma kwa sauti:

"I get old. He get old. We do not get tired."

Halafu akauliza, meneja akanifasiria, nani ameandika maneno haya mazuri.

Nikasema mimi.

Sijui kwa nini. Nilikuwa sijasifiwa wiki nzima. Mgeni akanishika mkono, akaomba nimweleze nilimwandikia nani. Nikamjibu sorry. Akasema, kwa mujibu wa meneja, kwamba mtu anayeandika hivi asipoteze muda ghalani, awahi nyumbani kwa mkewe. Nikadhani nimeshinda! Kumbe ilikuwa kwaheri. Akanirudishia kurasa, nikazisokomeza tena ndani ya soksi.

Nafasi amepewa Tai. Agizo lake la kwanza ni magodoro yote ya inchi nane yahamie ukuta wa pili, na nihamishe mimi.

Nimewaambia nyumbani majibu bado.

Jumamosi, 14 Juni

Jumamosi ni siku ya kufua, hilo nalo nilisahau. Mke wangu hukagua soksi kabla ya kuzitia majini. Zile za kwangu nilizivua jana na kuzitupa kapuni na kila kilichomo.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikuja sebuleni na mapovu mikononi, akaweka karatasi mbili mezani mbele ya baba yake, akasimama. Mimi nikaanza kueleza habari za kibarua anayefanya kazi za wote. Hakuna aliyenisikiliza.

Mzee alichukua ile niliyoifuta. Akaenda nayo dirishani, akaiinamisha kwenye mwanga hivi na hivi. Raba iliondoa weusi tu. Mama alikuwa mtu wa kukandamiza penseli, karatasi imebaki na mifereji yake. Akasoma mstari mmoja baada ya mwingine bila kukosea, mingine macho yakiwa yamefumba. Alipofika karatasi ya pili, kwenye ule uliosalia, akacheka kidogo. Akasema hiyo "he get" aliisahihisha mara ngapi, mama hakukubali.

"Nazeeka. Naye anazeeka. Hatuchokani," akamfasiria binti yake.

Mke wangu akanitazama alivyokuwa hajanitazama miaka. Nikatafuta pa kuweka uso, nikakosa.

Mzee akanigeukia. Nilitegemea fimbo, yule alikuwa mwalimu.

"Mwanangu," akasema, "si ungeniomba tu."

Basi. Nimelia bafuni na bomba nikalifungulia ili wasisikie. Nikatoka nikaomba radhi, kwa wote wawili, bila panya wala kibarua. Nikawaambia na habari za Tai. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kushusha sanduku kutoka juu ya kabati.

Jumapili, 15 Juni

Wameondoka saa nne asubuhi.

Mke wangu ameniwekea chakula cha siku mbili na maelezo ya sufuria. Anakwenda kupumzika. Nilimuuliza kupumzika kwa aina gani. Akasema itategemea mimi.

Mzee amechukua karatasi zake mbili tu, kaziweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Kamusi ameniachia. Nilikataa, akanisukumia kifuani. Akasema sasa ni yangu yote, nisome ukurasa mmoja kwa siku kuanzia herufi A, na kila jioni atanipigia simu aniulize nilichosoma. Nikifika D bila kuruka, mke wangu atarudi, wamekwisha zungumza. Mlangoni akageuka. Akasema wembe ni wa ndevu.

Nimeapa. Kwa mdomo wangu, mbele ya mke wangu, nimeapa. Nilimshika mkono na hakuuondoa upesi. Kwa hiyo matumaini yapo.

Nimerudi ndani, nikakaa kwenye kiti kile kile mzee alichokivuta Jumatano, nikafungua ukurasa wa kwanza wa A. Nimesoma mistari sita. Kimya cha nyumba hii kinasikika mpaka jikoni. Kwa mwendo huu D nitaifikia lini? Na yeye amezoea kulala upande wa ukutani, huko atalala wapi?

Nikapekua mbele kidogo, kuangalia tu. Run. Kurasa tano na nusu! Get ni mtoto mdogo! Pua inavuja, ni run. Duka linaendeshwa, ni run. Mtu anagombea uchaguzi, soksi inafumuka, bomba linatiririka, yote run! Kumbe wiki nzima nilikuwa nimemwajiri kibarua asiye mwenyewe. Nikilimudu hili, mgeni akirudi ghalani mwezi ujao atanikuta nimeiva, Tai atafungua tai yake mwenyewe, na mke wangu atarudi kabla hata ya B.

Ila kamusi hii bado ni nzito kama tofali, na kesho nina magodoro ya kuhamisha. Mzee ataniuliza habari za A tu. Nimechungulia dirishani. Wembe uko pale pale nilipouacha.