Suti za Alhamisi

Jumatatu, 6 Mei

Hotuba imetikisa Bunge! Nimepiga meza mpaka glasi ya maji ikamwagikia mbunge wa mbele yangu. Nimesema Muswada wa Kulinda Maadili ni ngao ya familia. Nimesema mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake makao yake ni jela. Makofi. Vigelegele. Mwenyekiti wa chama amenikonyeza. Uwaziri unanukia!

Kipaza hakupiga makofi. Huyu ni mbunge mwenzangu, wa chama changu mwenyewe, na tulimbandika jina hilo kwa sababu hajawahi kunong'ona maishani. Naye anautaka uwaziri. Ana kijiba cha roho, na hicho kitamtoa roho.

Nyumbani sikuweza kutulia. Nimekaa sebuleni, nikahamia jikoni, nikarudi sebuleni kiti kingine. Dada yangu mkubwa, anayenitunzia nyumba tangu mama afariki, ameuliza kama nimekalia siafu. Nikamwambia ni mzigo wa taifa. Akasema niutue, unachakaza zulia.

Mke sina. Wapiga kura nawaambia nimeoa jimbo.

Alhamisi mbona haifiki? Alhamisi ndiyo siku ya suti. Shajara hii inaweza kuangukia mikononi mwa adui, kwa hiyo naandika kwa tahadhari: kila Alhamisi mchana naenda kwa Fundi, duka dogo nyuma ya posta, kupimwa suti. Mlango tunaufunga, kwa sababu kupima kunataka utulivu. Kiuno changu hakijabadilika miaka yote hii. Tunakipima hata hivyo. Adui akisoma hapa, haambulii kitu.

Dada hunifungia chakula cha watu wawili kwenye hotpoti. Anasema kupimwa kunachosha, na anayepima naye ana tumbo. Masikini dada yangu, hajui lolote.

Jumanne, 7 Mei

Balaa! Kipaza ameomba mwongozo wa Spika. Nikadhani ni mambo ya barabara. Kumbe ana picha zangu! Suti ya kijivu, suti ya buluu, suti ya mistari, kila wiki suti mpya. Akauliza kwa sauti ya kuamsha wafu: mshahara wa mbunge tunaujua sote, suti hizi zinatoka wapi? Bunge zima likanigeukia. Wengine walicheka wakiwa wamejifunika karatasi.

Spika ameagiza nijieleze mbele ya Kamati ya Nidhamu Jumatatu ijayo. Nije na risiti.

Risiti! Sina hata moja. Fundi hajawahi kunitoza. Ukimuuliza anasema kitambaa ni chake, mikono ni yake, na bega ni langu. Nieleze habari ya bega. Bega langu la kushoto limeshuka, nimezaliwa hivyo. Anajua Dada, alijua marehemu mama, na anajua Fundi. Yeye hunitilia pamba ndani ya koti upande wa kushoto, kidogo tu, nikasimama wima kama askari wa gwaride. Taifa zima linadhani nimenyooka.

Sasa Kamati nitaiambia nini? Kwamba kuna fundi ananishonea suti bure, miaka nenda rudi? Wataniuliza kwa nini. Hapo kwenye kwa nini ndipo pa kufia.

Nimeshindwa kumaliza chai.

Jumatano, 8 Mei

Wazo! Pasipo suti hapana kesi. Nimemwita Dereva, nikamkabidhi suti zote akazifiche kwa shemeji yake, pembeni mwa mji, mpaka upepo upite. Nimebakiza moja ya kuvaa. Kabati tupu linasikitisha. Linanukia chaki ya Fundi. Nimesimama mbele yake muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye shughuli.

Alasiri. Wazo limekufa. Shemeji wa Dereva ana ukoo mkubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Alifikiri nguo zilizo kwenye gunia zitatiliwa shaka, zilizo mwilini hakuna wa kuzipekua. Basi amezigawa! Natoka ofisini, mlinzi wa lango kavaa ile ya kijivu. Muuza magazeti kavaa ya mistari. Fundi bomba kavaa suti niliyofungulia Bunge, yumo mtaroni anazibua. Na kila mmoja wao bega la kushoto limepanda juu, kama wote kwa pamoja wanataka kuuliza swali.

Mpiga picha wa gazeti aliwapanga mstari mmoja. Nilimwona Kipaza akiwasaidia kujipanga.

Dereva anasema shemeji yake anaomba na viatu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeingia kwa Fundi kwa mlango wa uani, nimevaa kofia ya Dada ya bustanini na miwani myeusi. Mama muuza vifungo, jirani yake, kaniamkia kwa cheo changu kamili.

Fundi hakucheka. Siku zote kofia kama ile angeicheka wiki nzima. Redio ilikuwa juu ya meza. Kumbe Jumatatu alisikiliza hotuba yangu tangu mwanzo hadi mwisho, anashona. Alinionyesha mkono wa koti aliokuwa akiushona siku hiyo. Ameuziba. Haupiti mkono.

Akauliza ile jela niliyoisema ni ya nani. Nikamwambia yale ni maneno ya jukwaani tu, yanaishia palepale. Akasema mimi nina kinga ya Bunge, yeye ana sindano. Polisi wakitumwa na muswada wangu hawatabisha hodi kwangu. Nikasema nitamlinda. Akaniuliza nitawaambia namlinda kwa nini.

Nikainuka. Nikahamia kiti cha dirishani. Akaniambia niketi nitulie, mbona nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikaketi.

Hakuomba makubwa. Aliomba Jumatatu niseme kwamba suti nilishonewa na rafiki. Neno hilo moja, rafiki, wala halimfungi mtu. Kisha muswada niurudishe kabatini ulale. Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wangu wote, mkono wake uko begani kwangu, upande ule wa kushoto, na kwa mara ya kwanza wiki hii miguu yangu ilitulia.

Nampenda. Nimeliandika, nimelikata, nimeliandika tena. Adui akisoma, hapa nazungumzia kitambaa.

Ijumaa, 10 Mei

Kikao cha kamati ya muswada. Kipaza, ili anibane, ameleta kifungu kipya: kila mbunge aeleze kwanza kwa kiapo, hadharani, yanayotendeka chumbani kwake, ili tuwe mfano kwa wananchi.

Mwenyekiti wa chama, ambaye ana nyumba ya pili yenye watoto wanaomwita mjomba, alianza kutafuta miwani iliyokuwa usoni pake. Mheshimiwa mama wa kiti cha kona, anayeishi na binamu ambaye hajawahi kutuambia ni mtoto wa nani, alijipepea kwa muswada wenyewe. Kisha nikamwona Kipaza akikumbuka. Nilimwona kabisa! Alimkumbuka yule kijana wa kumbeba mkoba, anayesafiri naye kila semina na kulala hoteli hiyohiyo. Kwa mara ya kwanza maishani akanong'ona. Alinong'ona kwamba anaondoa hoja, faragha ni haki ya binadamu.

Tukakubaliana kwa kauli moja. Umoja ule ulinigusa. Kisha, kwa umoja uleule, tukapitisha vifungu vilivyobaki, vinavyohusu watu wengine.

Ndiyo, na mimi niliinua mkono. Ningeuacha chini peke yangu, wangeniuliza kwa nini.

Wakati wa chai Mwenyekiti alinivuta pembeni. Akasema, macho yake yako kwenye sukari, kwamba kila mtu ana Alhamisi yake, ila mwenye akili haivai. Akasema wananchi wana huruma sana kwa mwizi. Akaondoka.

Ana maana gani?

Jumapili, 12 Mei

Wazo! Wazo kuu kuliko yote! Nimelipata naoga, nikatoka na povu kichwani. Nitakiri wizi! Suti ni hongo! Hongo ni jambo la kiume, linaeleweka, halina kwa nini. Nitalia kidogo, nitaomba radhi, yataisha.

Tatizo dogo: sijawahi kula hongo. Si kwa uadilifu. Nilikuwa na Alhamisi, sikutamani kingine. Kwa hiyo nimemwendea Mkandarasi wa barabara, nikamwomba akubali kwamba alinihonga suti. Amechukia! Amesema alijaribu kunihonga mara nyingi nikamkatalia, hata saa ya mkononi nilimrudishia mbele ya wakwe zake, na leo nataka kumfanya mhongaji bila yeye kufaidi chochote. Nilimbembeleza. Nilipiga magoti kwenye zulia lake. Mwisho amekubali, kwa sharti kwamba barabara ya soko apewe yeye.

Nimempa. Maana yake nimemhonga mtu ili aseme alinihonga. Nimelizungusha jambo hili kichwani njia nzima, na kila upande linaonekana ni la busara.

Ahadi ya Fundi? Atanielewa. Ni mtu wa kunielewa. Akishaelewa nitamweleza.

Jumatatu, 13 Mei

Ukumbi umejaa, redio inarusha moja kwa moja. Nimekiri. Nimesema tamaa ilinishinda, nikazipokea suti kwa Mkandarasi. Mkandarasi akainamisha kichwa vizuri sana, nadhani alifanya mazoezi. Mambo yalikuwa yananinyookea.

Kipaza akasema bado. Amempata anayezishona, na amemleta. Mlango ukafunguliwa, akaingia Fundi. Walimtoa dukani hivyohivyo alivyokuwa, na futi ya kupimia shingoni. Kipaza akaniuliza huyu mtu ni nani kwangu.

Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Rafiki. Nilimtazama Fundi, nikatazama kipaza sauti, nikamtazama Mwenyekiti wa chama, ambaye alitazama dari. Nikasema simfahamu. Ni mshona nguo tu, Mkandarasi ndiye aliyejuana naye.

Wakamgeukia yeye. Je, anamfahamu Mheshimiwa? Fundi alinitazama. Hakunitazama usoni, alinitazama bega. Akajibu taratibu kwamba hapana, vipimo anavyo, lakini mtu mwenyewe hamjui.

Ushindi! Kamati imenipa onyo la mdomo. Nje umati umenibeba juu juu. Mzee mmoja alipaza sauti kwamba afadhali mwizi anayekiri. Kipaza kanipa mkono, wa baridi, wenye jasho. Nilipogeuka kumtafuta Fundi hakuwepo.

Nyumbani redio ilikuwa imezimwa. Dada ameingia chumbani mapema, anasema kichwa kinamuuma.

Alhamisi, 16 Mei

Asubuhi muswada umepita. Nimesema ndiyo, kwa sauti. Mchana nimekwenda kupimwa, kama kawaida. Hotpoti ilikuwa nyepesi. Nikafungua garini: chakula cha mtu mmoja. Dada amekosea. Uzee huo.

Duka limefungwa. Kibao kimeng'olewa, misumari imebaki. Mama muuza vifungo amesema Fundi alihama Jumanne, majirani wakambebea cherehani, na hakuna atakayeniambia ameelekea wapi. Akasema ameniachia koti. Kijivu cha moshi! Kazi safi kuliko zote alizowahi kunishonea. Nikalivaa palepale, mbele ya kioo cha mama huyo.

Nikajiona nimeinama upande mmoja. Nikadhani ni kioo. Nikapapasa bega la kushoto. Hakuna pamba. Amelishona koti sawasawa pande zote mbili, kama koti la mtu yeyote.

Mama muuza vifungo akasema halijanikaa. Nikamwambia ndiyo mtindo.

Nimekula chakula garini. Nimelia. Nimemwambia Dereva ni pilipili, naye akasema, bila kugeuka, kwamba Dada hatii pilipili.

Alhamisi, 23 Mei

Waziri wa Maadili! Nimeapishwa leo, ndani ya koti la kijivu. Mpiga picha aliniomba nisimame wima. Nikamwambia nimesimama. Magazeti ya jioni yameandika kwamba Waziri ameinamishwa na uzito wa taifa. Naibu wangu ni Kipaza, na kabla ya chai ya alasiri naye alikuwa ameshalegeza bega la kushoto, yeye na wakurugenzi wote. Wizara nzima imeinama.

Ofisi ina viti vingi. Nimevijaribu vyote. Vyote havikaliki. Hii ni Alhamisi ya kwanza sina pa kwenda, na mchana wake ni mrefu kama nini!

Nimepiga simu nyumbani. Nimemwambia Dada kuanzia wiki ijayo arudishe chakula cha watu wawili. Akauliza wa pili ni nani. Nikasema rafiki. Akasema kwamba neno hilo alilingojea redioni Jumatatu ile ya Kamati.

Sikumwelewa. Hata hivyo amenipa wazo! Redio! Fundi husikiliza redio akishona. Wiki ijayo napeleka marekebisho ya sheria, kifungu kidogo tu: mafundi wa suti za kiume wasiguswe. Atasikia kwa masikio yake kwamba nilitimiza ahadi ya kumlinda. Atarudi, na pamba yake.

Na Bunge likiniuliza kwa nini mafundi suti peke yao, nimeshajua la kujibu. Nitasema wamenihonga.