Ofisi ya Mbizi, Kabeza

Wananchi wote walitangaziwa kwamba jiji la Kigali, ingawa halina bahari, halitakubali tena kudharauliwa kwa sababu hiyo. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa Ofisi ya Utayari wa Chini ya Maji, iliyofunguliwa mtaa wa Kabeza kati ya saluni na duka la misumari. Aliyelisaini ni Mkurugenzi Nkusi. Aliyelibandika ni Athanasie, Mtaalamu wa Mbizi, mkataba wa majaribio.

Utaalamu wenyewe aliupata kwa haki kabisa. Kwenye usaili Nkusi alimuuliza amekulia wapi. Bujumbura. "Si kuna ziwa?" Lipo. Akaajiriwa papo hapo. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kuliingia, naye kwa adabu zake hakutaka kuwaharibia watu asubuhi. Ziwa alilijua kwa kulitazama dirishani mwa shule. Mama yake alimwambia lina viboko, akaamini, na mpaka leo maji yakizidi beseni Athanasie husali.

Vifaa vipya ni ghali, kwa hiyo jopo la wataalamu, yaani yeye, lilikwenda soko la Kimironko kwa Jovia, muuza viatu vya mtumba. Jovia alikuwa amenunua magunia ya vifaa vya kupigia mbizi kutoka klabu moja ya ziwani iliyofungwa.

"Yametumika sana?" Athanasie aliuliza, akiyageuza mapezi ya miguuni kama anayechagua samaki.

"Kidogo tu, madamu. Mwenyewe alikuwa anaogopa maji."

"Na mtungi huu, una hewa?"

"Eh, madamu! Hewa iko kila mahali."

Athanasie aliandika kwenye ripoti: hewa, inapatikana. Magunia yakanunuliwa.

Nkusi aliyapokea kwa furaha. "Ijumaa wageni watakuja kwenye bwawa la hoteli," alisema. "Wewe utazama mbele yao. Ukizama vizuri, mkataba wa kudumu huu hapa." Akaupigapiga mfuko wa suruali. "Usipozama, nitatafuta mtu mwingine wa Bujumbura."

Athanasie akasema, "Ndiyo, Bosi." Alitamani kusema mengine, lakini mengine hayakuwa na mshahara.

Ikaja kazi ya kuvitunza vifaa. Ndani ya boksi la miwani ya maji mlikuwa na karatasi ya maelekezo: suuza kwa maji safi, anika kivulini, usipake mpira mafuta. Lakini Nkusi alikuwa na imihigo yake, ahadi za kazi alizozisaini mbele ya wakubwa, na imihigo ilisema vifaa vyote ving'ae kabla ya Ijumaa. Haikusema vifanye kazi.

"Bosi, karatasi inakataza mafuta."

"Imeandikwa wapi?"

"Ulaya."

"Huko wanajua nini? Mtoto wako akienda misa, unampeleka na magoti makavu?"

"Hapana, Bosi."

"Basi paka."

Athanasie akapaka. Suti ya mpira, miwani, mapezi, hata kile kipande cha kuuma mdomoni, vyote vilipata mafuta ya kujipaka, yale mazito ya kopo. Na tuseme kweli, vilipendeza. Akavigonga muhuri wa ofisi, ambao ulikuwa na neno moja tu: KINANG'AA.

Nkusi alipoviona, machozi yalimlengalenga. Akatoa waraka palepale: kuanzia leo, kifaa king'aacho kuliko vingine kitatumiwa na mwenye cheo cha juu kuliko wengine, ili heshima zisichanganyike. Alikuwa anafikiria kukiweka kwenye kabati lake. Athanasie aliusoma waraka mara mbili. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alipata hamu ya kula.

Ijumaa alifika bwawani amevaa sketi ya ofisini na viatu vya visigino.

"Waheshimiwa," aliwaambia wageni, "kwa mujibu wa waraka wa Mkurugenzi, vifaa hivi vimeng'aa kupita kiasi. Mtu wa majaribio haruhusiwi hata kuvigusa. Mkurugenzi mwenyewe atazama."

Wageni wakapiga makofi. Nkusi, aliyekulia Dodoma, alizitazama kamera za wageni, akatazama maji, akazitazama tena kamera. Akavaa suti juu ya suruali yake, akashuka.

Miwani iliteleza mpaka kidevuni. Mapezi yaliachana na miguu, moja likaelea mpaka kwa mgeni rasmi. Kile kipande cha mdomoni kilichomoka kama sabuni.

"Nazama! Niokoeni!"

Jovia, aliyekuja kuuliza kama ofisi inahitaji magunia mengine, aliinama ukingoni. "Simama, mzee! Simama tu!"

Nkusi akasimama. Maji yalimfika kiunoni. Aling'aa mwili mzima.

Alasiri, ofisini Kabeza, Nkusi akiwa amejifunga taulo alimsukumia Athanasie karatasi. "Andika barua ya kuomba radhi. Kumbe ulinisukumia mimi kwa sababu hata kuogelea hujui!"

"Sijui. Hukuniuliza, Bosi."

"Mkataba umeukosa!"

"Ulikuwa mfukoni mwako. Umezama nao."

Nkusi akatia mkono kwenye suruali iliyoanikwa dirishani, akatoa kitu kama uji. "Andika!"

"Ulitaka ving'ae, viling'aa. Ulitaka mkubwa atangulie, ukatangulia." Athanasie alichukua muhuri wa ofisi, akaugonga katikati ya karatasi tupu, akamrudishia. "Siombi radhi."